Maisha ya Sheikh Muhammad Nasif wa Jidda na Khabari za Nyumba ya Wazee Wake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema zamstahiki Yeye aliyewagawia waja wake riziki, huyu akampa mali na yule akampa elimu, na aliowapenda akawakusanyia yote mawili. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baad. Msomaji wa vijitabu hivi amezoea kuletewa maisha ya maimamu na makadhi na walimu wakubwa. Mara hii twaeleza maisha ya mtu ambaye sifa yake ya kwanza haikuwa ukadhi wala uimamu. Alikuwa mtoto wa nyumba ya biashara, akarithi nyumba kubwa kuliko nyumba za wenziwe, na mali, na jina. Mambo haya matatu yamewaharibu watoto wengi wa matajiri. Yeye hayakumharibu. Aliyageuza yakawa njia ya kuwafikishia watu elimu, hata nyumba yake ikajulikana kwa vitabu vyake kuliko kwa dhahabu ya babu yake.

Nyumba hiyo ingali imesimama Jidda, nayo leo ni nyumba ya makumbusho. Mahujaji na wasafiri huingia, wakatazama kuta na mbao zilizochongwa, wakatoka. Wengi wao hawamjui mwenyewe. Na kuijua nyumba pasi na kumjua aliyekaa ndani yake ni kuona ganda ukakosa kiini. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuandika kurasa hizi chache.

MJI WA JIDDA

Jidda ni bandari ya Makka. Sayyidna Uthman bin Affan, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, ndiye aliyeichagua kuwa bandari ya Makka katika mwaka wa 26 wa Hijra, ndio mwaka 647 wa Miladi. Tangu siku hiyo kila anayekuja kuhiji kwa njia ya bahari hushukia hapo. Wazee wetu wa Unguja, Mombasa, Lamu na Ngazija, waliosafiri kabla ya zama za ndege, waliiona Jidda kwanza kabla ya kuiona Al-Kaaba.

Mji ulikuwa wa wafanyabiashara. Walikaa humo watu wa Hadhramaut, na Misri, na Sham, na Bara Hindi, na Bukhara, kila mmoja ana duka lake na ghala lake, na msimu wa haji ndio msimu wao wa kuchuma. Lakini ardhi yake ni ya chumvi, haina mto, na mvua zake ni chache. Watu waliyakusanya maji ya mvua katika mabirika yaliyochimbwa chini ya ardhi, na maji yakauzwa kama inavyouzwa bidhaa. Mji haukupata maji mengi matamu hata mwaka 1947, yalipoletwa kwa mabomba kutoka Wadi Fatima. Haya tumeyataja kwa sababu yatatusaidia kufahamu khabari ya mti tutakaoueleza mbele.

Ama majumba ya Jidda, mtu wa pwani yetu akiyaona hawezi kuyaona mageni. Yamejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyotolewa baharini, yakaunganishwa kwa chokaa, kama yalivyojengwa majumba ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Unguja. Tofauti yake ni kuwa mafundi wa Jidda walilaza magogo ya miti kati ya safu za mawe ili ukuta ushikamane, na mbele ya madirisha wakaweka vizimba vikubwa vya mbao za msaji zilizotoka ng'ambo ya bahari, zikachongwa kwa ustadi mkubwa. Vizimba hivyo huitwa rawashini. Faida yake ni mbili: upepo huingia ndani, na wanawake wa nyumbani huona njiani wala hawaonekani.

Mwaka 1869 ulifunguliwa mfereji wa Suez. Meli za moshi zikazidi katika Bahari ya Sham, mahujaji wakaongezeka, na biashara ya Jidda ikapanuka. Katika zama hizo ndipo ilipojengwa nyumba tunayoitaja.

MZEE OMAR NASIF NA UJENZI WA NYUMBA

Mzee Omar Nasif, maarufu kwa jina la Omar Efendi, alikuwa mkubwa katika wakubwa wa Jidda katika enzi ya Waturuki. Alikuwa tajiri, na tena alikuwa wakili wa Sharifu wa Makka katika mji huo. Aliye wakili wa Sharifu hana budi kuwa na mlango mpana, kwa maana wageni wa Sharifu ni wageni wake, na wenye haja kwa Sharifu hupita kwake kwanza.

Alianza kujenga mwaka 1289 wa Hijra, yaani 1872, na kazi ikatimia mwaka 1298, yaani 1881. Miaka tisa ilipita katika ujenzi huo. Nyumba ipo katika Suqu l-Alawi, sokoni penyewe, katika njia ya watu waingiao na watokao. Husemwa kuwa vyumba vyake, vikubwa kwa vidogo, ni 106. Ngazi zake zilifanywa pana na zenye mteremko wa taratibu, na khabari mashuhuri mjini ni kuwa ngamia aliweza kupanda na mzigo wake hata ghorofa za juu, kwenye jiko, akapakuliwa huko huko. Juu kabisa pana mahali pa kupungia upepo wa bahari wakati wa joto kali.

Mbele ya mlango ulipandwa mti. Mti huo ni mwarobaini, huu huu tuujuao sisi, ambao majani yake hutumiwa kwa dawa. Katika mji ambao maji yake hununuliwa, kuukuza mti ni kuugawia maji ambayo mtu angeyanywa. Kwa hiyo kwa muda mrefu ulihesabiwa kuwa ndio mti wa pekee ndani ya mji wa Jidda, na nyumba ikaitwa nyumba yenye mti. Mgeni akiuliza njia huelekezwa kwa mti huo, na mpita njia akichoka hukaa kivulini mwake. Mti ni wa mwenye nyumba, lakini kivuli chake hakiulizi mtu ni nani. Mjukuu wake naye, kama tutakavyoona, aliifanya nyumba yote kama kivuli hicho.

KUZALIWA KWAKE NA MALEZI YAKE

Muhammad bin Husein bin Omar Nasif alizaliwa Jidda mwaka 1302 wa Hijra, ndio mwaka 1885. Baba yake, Husein, alifariki naye angali mtoto mdogo. Akabaki yatima katika nyumba yenye vyumba mia. Mwenyezi Mungu akamjaalia babu yake, Mzee Omar, akamlea na kumsomesha.

Yatima wa nyumba ya kitajiri ana khatari mbili. Ya kwanza ni kudekezwa kwa huruma, na ya pili ni kuliwa mali yake. Mtoto huyu aliepushwa na zote mbili. Alikua akiona kila siku wageni wakiingia na kutoka: wafanyabiashara, maofisa wa Kituruki, masharifu, na wanavyuoni waliokuja kuhiji kutoka pande zote za ulimwengu wa Kiislamu. Wafanyabiashara walizungumza bei, na wanavyuoni walizungumza vitabu. Moyo wa mtoto ukawaelekea hawa wa pili. Akaanza kununua vitabu tangu ujanani, na shauku hiyo haikumwacha mpaka kufa kwake.

Katika watu waliomwongoza alikuwako Sheikh Abdulqadir At-Tilmisani, naye ni mfanyabiashara wa Jidda na mwenye elimu. Khabari ya sheikh huyu yafaa kuelezwa, kwa sababu ndani yake mna funzo kwa kila mwenye duka. Inasimuliwa, na Sheikh Muhammad Nasif mwenyewe ni katika walioisimulia, kuwa At-Tilmisani alikuwa akimuuzia nguo mwanachuoni mmoja wa Najdi aliyekaa Makka akifanya biashara, jina lake Sheikh Ahmad bin Isa. Huyu hulipa sehemu ya thamani papo hapo, na baki huilipa kidogo kidogo kwa miadi. At-Tilmisani alikuwa haafikiani naye katika madhehebu, na watu wa Najdi aliwasikia kwa khabari mbaya tu. Lakini miadi ilipofika fedha ilifika, haikuchelewa wala haikupungua, na mwaka ukapita baada ya mwaka. Mwisho At-Tilmisani akakiri kuwa katika miaka mingi ya biashara hajapata kuamiliana na mtu mwema kuliko huyu. Hapo ndipo alipotaka kumsikiliza katika mambo ya dini, wakajadiliana siku kadhaa, naye akamfuata. Kisha yeye akawa sababu ya Muhammad Nasif kushika mwendo huo huo.

Tazama basi, ewe msomaji, jinsi uaminifu wa deni la nguo unavyofungua moyo ambao hoja peke yake haikuufungua. Na kinyume chake ni kweli pia. Ni watu wangapi wenye hoja sahihi katika dini, lakini mizani yao dukani imewafukuza watu!

VITABU NA WAGENI

Baada ya babu yake kufariki, Sheikh Muhammad Nasif akawa ndiye mwenye nyumba. Hakuyaacha matukufu ya wazee wake, lakini aliyaongezea jambo. Vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya wageni na shughuli za biashara, vingine vikajazwa vitabu. Alivitafuta popote vilipo: Misri, Sham, Bara Hindi na kwingineko, vya chapa na vya mkono. Alivikusanya kwa maelfu, hata maktaba yake ikahesabiwa kuwa katika maktaba kubwa za watu binafsi katika Hijazi nzima.

Kukusanya vitabu pekee si sifa kubwa. Wako waliokusanya vitabu kama wengine wakusanyavyo vyombo vya kauri, vikae rafuni vitazamwe. Sifa yake ni kuwa vitabu vyake vilisomwa. Mlango wa maktaba ulikuwa wazi kwa wanafunzi na watafiti, naye mwenyewe akawa rejeo lao. Anayetafuta kitabu adimu, au anayetaka kujua khabari ya mtu wa zamani wa Hijazi, huelekezwa kwake. Wanavyuoni waliokuja kuhiji walifikia kwake, wakala chakula chake na wakasoma vitabu vyake. Waliokuwa mbali aliwaandikia barua, nao wakamwandikia. Katika hao walikuwamo watu mashuhuri wa zama zake, kama Sheikh Jamaluddin Al-Qasimi wa Dameski na Sayyid Muhammad Rashid Ridha, mwenye gazeti la Al-Manar la Misri. Gazeti hilo, kama wajuavyo wazee, lilifika na kusomwa hata katika pwani yetu hii.

Tena alifanya jambo ambalo matajiri wachache hulifikiria: alitoa mali yake vipigwe chapa vitabu vya wanavyuoni waliotangulia, khasa vya Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, kisha akavigawa bure. Mwenye kujenga msikiti hujenga mahali pamoja. Mwenye kupiga chapa kitabu amekipeleka kufika mahali ambapo yeye mwenyewe hatafika. Nasi tunaoandika vijitabu kwa mashine ndogo ya mkono, tunaopanga herufi moja moja na kuhesabu karatasi kabla ya kuzitia wino, twaijua thamani ya mtu anayesema: pigeni chapa, gharama ni juu yangu.

DOLA ZILIZOPITA MLANGONI MWAKE

Aliishi miaka themanini na ushei, na katika umri huo dola zilipita mlangoni mwake moja baada ya moja. Alizaliwa katika ufalme wa Sultan Abdulhamid wa Pili. Mwaka 1916 Sharifu Husein wa Makka alipoasi juu ya Waturuki, Jidda ikatoka katika mikono yao mwaka huo huo. Oktoba 1924 Sharifu Husein alijiuzulu, akashika mahali pake mwanawe Ali. Kisha majeshi ya Mfalme Abdulaziz bin Saud yakauzingira mji wa Jidda karibu mwaka mzima wa 1925. Watu walio ndani ya kuta waliona dhiki ya chakula na maji na khofu ya mizinga. Desemba 1925 Ali akaondoka kwa njia ya bahari, na mji ukasalimu amri.

Mfalme Abdulaziz alipoingia Jidda alishukia katika nyumba ya Nasif. Hapo ndipo wakubwa wa mji walipokuja kumsalimu. Na kwa miaka iliyofuata, kila alipokuja Jidda alikaa hapo, mpaka lilipokwisha jumba lake la Khuzam, lililojengwa kati ya mwaka 1928 na 1932. Basi nyumba iliyojengwa na wakili wa Sharifu ikawa makao ya mfalme aliyeuondoa utawala wa Masharifu. Zingatieni hayo, enyi wenye akili. Ufalme ni wa Mwenyezi Mungu, humpa amtakaye na humvua amtakaye, na ngazi ile ile aliyoipanda huyu jana, leo huipanda mwingine.

Sheikh Muhammad Nasif angeweza kutumia ujirani huo na mfalme kutafuta vyeo. Jina lake halikubaki kwa cheo. Lilibaki kwa vitabu na ukarimu, na watu wa mji waliendelea kumwendea kama walivyomwendea kabla mfalme hajafika.

KATIKA YALE TULIYOKHITALIFIANA NAYE

Hapana budi tuseme jambo hili wazi, ili msomaji asituone tumelificha. Sheikh Muhammad Nasif alishika katika usuli mwendo wa Ibn Taymiyya na watu wa Najdi. Sisi, kama walivyo walimu wetu wa pwani hii, ni Mashafii katika fikihi na Maashari katika itikadi. Twasoma maulidi, twazuru makaburi ya wema, na twamtaja Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa tawasuli. Katika haya yeye na wenziwe hawakuafikiana nasi, wala sisi hatuafikiani nao. Na baadhi ya mambo yaliyotendeka Hijazi katika miaka hiyo, ya kuvunjwa makuba ya makaburi, yaliwahuzunisha Waislamu wengi katika miji yetu.

Atauliza mtu: kwa nini basi kumwandika? Jawabu ni kuwa uadilifu ni faradhi juu yetu hata kwa tusiyeafikiana naye. Imamu Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikhitalifiana na mwalimu wake Imamu Malik katika masala mengi, wala hakuacha kumtukuza. Alikhitalifiana na wanafunzi wa Abu Hanifa, na elimu yao akaichukua kwa kuandika vitabu vyao. Hii ndiyo adabu tuliyorithi. Mtu akikosea kwetu katika masala, hatumwibii wema wake katika mengine. Kuwakirimu wageni wa Mwenyezi Mungu ni wema, kumsaidia mwanafunzi ni wema, kutoa mali kwa ajili ya elimu ni wema, na mwenye kuuficha wema wa mtu kwa sababu ya madhehebu amejidhulumu mwenyewe kabla ya kumdhulumu yule.

Na kuna funzo jingine hapa. Siku hizi vijana wetu hukatana usemi kwa sababu ya masala ya matawi, ndugu akamsusia ndugu yake na msikiti ukagawanyika safu mbili. Na wawakumbuke At-Tilmisani na Ibn Isa, waliokuwa mbali katika itikadi, na bado waliuziana na kulipana kwa haki, na walipojadiliana walijadiliana kwa vitabu.

KUFARIKI KWAKE NA KHABARI YA NYUMBA BAADA YAKE

Sheikh Muhammad Nasif alifariki mwaka 1391 wa Hijra, ndio mwaka 1971, akiwa Taifu alikokwenda kwa matibabu. Akaletwa Jidda akazikwa katika mji wake. Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe, na atusamehe sisi pamoja naye.

Zama zilikuwa zimekwisha kugeuka. Kuta za mji zilibomolewa mwaka 1947, na mafuta yaliyogunduliwa mwaka 1938 yalileta mali ambayo wafanyabiashara wa zamani hawakuiota. Matajiri wa Jidda walitoka katika majumba ya wazee wao wakajenga mapya nje ya mji wa kale, yenye simenti na umeme. Majumba ya matumbawe yakapangishwa kwa maskini na wageni, yakakosa matengenezo, na mengi yakaanguka au yakaungua kwa moto. Jiwe la matumbawe lataka chokaa kila baada ya muda. Likiachwa, maji ya mvua na unyevu wa chumvi hulila ndani kwa ndani, na siku ya kuanguka halitoi khabari.

Nyumba ya Nasif iliokoka. Katika miaka ya 1970 serikali iliinunua, ikaitengeneza, na baadaye ikafanywa nyumba ya makumbusho na mahali pa mikutano ya elimu na utamaduni. Vitabu vya Sheikh vilipelekwa katika Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz, huko huko Jidda, ambako wanafunzi huvisoma. Katika mwaka 2014 mji wa kale wa Jidda uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kama ulivyoandikwa Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2000 na mji wa Lamu mwaka 2001. Na katika ukoo wake elimu haikukatika: mjukuu wake, Dakta Abdallah bin Omar Nasif, alipata kuwa mkuu wa chuo kikuu hicho hicho, kisha akawa katibu mkuu wa Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu tangu mwaka 1983 hata 1993.

MAZINGATIO

Ndugu zangu Waislamu, khasa wenye nyumba na mali katika miji hii yetu, maisha haya hayaelezwi kwa ajili ya kustarehesha. Yana swali ndani yake, nalo latuhusu.

Katika pwani yetu yalikuwako majumba kama ya Nasif. Yalikuwako Lamu, na Pate, na Mombasa, na Unguja, na Bagamoyo. Wenyewe walikuwa wafanyabiashara, na wengi wao walikuwa na makasha ya vitabu: misahafu ya mkono, sherehe za Minhaji, diwani za mashairi, barua na hati za wazee. Yako wapi leo? Baadhi yameliwa na mchwa. Baadhi yameuzwa kwa wageni kwa thamani ya kilo mbili za sukari, na muuzaji hajui kusoma alichokiuza. Milango iliyochongwa iling'olewa ikapelekwa mbali. Warithi waligombania vyumba mpaka paa likawaangukia, na kila mmoja alikuwa akingoja mwenziwe aanze kutia chokaa. Hata Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la Sultan lililojengwa mwaka 1883, sehemu yake ilianguka Desemba 2020, na watu wakapoteza roho zao. Ikiwa jumba la Sultan laanguka, jumba la mfanyabiashara lisilo na mlinzi lina hali gani?

Sharia yetu imetupa dawa kabla ya ugonjwa, nayo ni wakfu. Katika madhehebu yetu ya Shafii, wakfu ni kuizuia mali ambayo yaweza kunufaisha na ilhali asili yake yabaki. Kwa hiyo chakula hakifai kuwekwa wakfu, kwa maana kukitumia ni kukimaliza. Nyumba yafaa, shamba lafaa, na kitabu pia chafaa, kwa sababu husomwa na hakiishi. Nguzo zake ni nne: mwenye kuweka, kinachowekwa, wanaowekewa, na tamko. Tamko ndilo watu wengi hulisahau. Nia iliyomo moyoni haitoshi, na kusema katika mazungumzo kuwa vitabu hivi ni vya wanafunzi, kisha mtu akafa, huleta fitina kati ya warithi na walimu. Na likithubutu tamko, mali hiyo hutoka katika milki ya mtu ikawa ya Mwenyezi Mungu, haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi.

Basi mwenye vitabu na aandike leo, angali na afya. Atamke mbele ya mashahidi wawili, aandike katika ukurasa wa kwanza wa kila kitabu kuwa ni wakfu, na kwa nani, na amchague msimamizi mwaminifu na wa baada yake. Mwenye kungoja kitanda cha maradhi ya mauti ajue kuwa atoalo hapo halipiti thuluthi ila kwa ridhaa ya warithi, na madeni hutangulia yote. Mwenye nyumba ya wazee ambayo hawezi kuitengeneza, ni bora aikabidhi kwa atakayeitengeneza, iwe madrasa au maktaba au makumbusho, kuliko kuiacha ianguke kwa jina la kuihifadhi. Na asiye na nyumba wala kitabu anaweza kulipia karatasi moja ya kijitabu, au kumlisha mwanafunzi mmoja mwezi mmoja.

Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa mwanadamu akifa amali yake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, na elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema amwombeaye. Mtazame Mzee Omar na mjukuu wake katika mizani hii. Mjukuu aliyemlea yatima aliinukia kuwa wa kheri, nyumba aliyoijenga ikawa makao ya elimu, na mwarobaini alioumwagilia maji ya kununua ukampa kivuli mtu ambaye hakumjua. Fedha aliyoichuma imekwisha zamani, na hesabu zake hakuna azijuaye. Kilichobaki ni kile kilichotolewa kwa wengine.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, atusamehe tuliyoyakosa katika kuandika, awaunganishe Waislamu juu ya haki, na awape wenye mali katika miji yetu mioyo ya kuifanya mali yao njia ya elimu kabla mauti hayajawatenga nayo. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi. Wa salla llahu ala sayyidina Muhammad wa ala alihi wa sahbihi wa sallam.